Fuata Kazi ya Babu: Namna ya Kutafuta Ukoo Wako Ukiwa Kindu

Wasomaji wa Kindu, Kasongo na Kalima, pamoja na ndugu zetu walioko Bujumbura na Kigoma, wamekuwa wakiuliza jambo lilelile: "Nataka kuijua asili ya ukoo wangu. Nianzie wapi?" Wengi huongeza kwamba wazee wamekwisha, karatasi ziliungua wakati wa vita, na fedha hakuna. Makala hii inawajibu wote. Nadharia nimeiacha kando. Nitaeleza cha kufanya, hatua kwa hatua, na mahali ambapo watu wengi hukwama.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Kindu ni mji ulioletewa watu na kazi. Kampuni ya reli ya CFL iliundwa mwaka 1902, ikajenga njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo. Kuelekea kaskazini, watu na mizigo walishuka kwa meli juu ya Lualaba hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Baadaye yakaja machimbo ya bati, misioni, mashamba ya pamba na jeshi. Kwa hiyo swali litakalokufikisha mbali ni hili: katika ukoo wetu, nani alifika Kindu kwanza, na kazi gani ilimleta? Kazi huacha karatasi, karatasi hutaja kijiji, na kijijini kuna wazee wanaoujua ukoo kuliko karatasi yoyote.

## Hatua ya 1: Wazee kwanza, karatasi baadaye

Kitabu cha parokia kinaweza kungoja mwaka mmoja. Bibi wa miaka themanini na tano hawezi. Andika majina ya wazee wote wa ukoo walio hai, kisha uwapange hivi:

1. Mgonjwa au aliyeanza kusahau.
2. Mwenye umri mkubwa kuliko wengine.
3. Anayekaa mbali, huyu umpigie simu wakati unatafuta nauli.

Kosa la kawaida ni kuwafuata wanaume tu. Shangazi, mama wakubwa na mabibi ndio waliopokea watoto, waliolia matanga na wanaokumbuka nani alizaliwa kwa mama yupi. Mzee wa kiume atakupa mstari wa mababu. Shangazi atakueleza nyumba nzima ilivyokuwa.

Nenda jioni, wakati hakuna haraka. Peleka sukari au sabuni kama desturi inavyotaka. Eleza wazi kilichokuleta, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kunasa sauti. Akipenda kusema Kilega, Kikusu, Kizimba au Kibangubangu, mwache aseme lugha yake. Kutafsiri kutafanyika baadaye.

Usianze na "nitajie majina ya mababu". Mtu akibanwa na swali la namna hiyo hujibu kifupi, au hubuni ili asikuaibishe. Uliza mambo aliyoyaona:

- Ulizaliwa kijiji gani, kando ya mto gani? Nani alikulea?
- Nani wa kwetu alifika Kindu kwanza? Alifikia kwa nani?
- Alifanya kazi gani, kampuni gani? Alikaa kambini, au Mikelenge, Kasuku, Alunguli?
- Mahari ya bibi ilipokewa na nani?
- Babu alipokufa, nani walikuja kutoka kijijini? Nani alisimamia matanga?
- Mtoto huyu alipewa jina la nani?

Swali la mahari na lile la matanga lina thamani kubwa. Waliopokea mahari ni ukoo wa bibi, na hao mara nyingi ndio waliosahaulika. Waliokuja kulia na kukata shauri juu ya mali na wajane ni ukoo wenyewe wa babu. Kwa maswali hayo mawili utapata pande zote bila kumtaka mzee akariri orodha.

## Hatua ya 2: Uliza tumbo

Kwetu ndugu wa baba ni baba, na mtoto wake ni ndugu yako. Ni heshima nzuri, lakini kwenye daftari huleta mchafuko: mtu mmoja anaonekana ana baba watatu. Kila mzee anapotaja "ndugu yangu" au "baba yetu", uliza kwa upole:

- Mlizaliwa tumbo moja?
- Au baba mmoja, mama mbalimbali?
- Au baba zenu ndio waliokuwa ndugu?

Babu akiwa na wake wengi, andika kila mke na nyumba yake: nyumba ya kwanza na watoto wake, nyumba ya pili na watoto wake. Uliza pia kama kuna mjane aliyerithiwa na ndugu wa marehemu. Watoto wa wanaume hao wawili mara nyingi huhesabiwa kuwa wa baba mmoja, na miaka yao haitalingana mpaka ulijue jambo hilo.

## Hatua ya 3: Kila mtu namba yake, kila neno na msemaji wake

Jipe namba 1. Baba yako ni 2, mama yako ni 3. Kwa kila mtu, baba yake ana namba iliyo mara mbili ya yake, na mama yake ana namba hiyo ukiongeza moja. Baba wa baba ni 4, mama wa baba ni 5, baba wa mama ni 6, mama wa mama ni 7. Kizazi kinachofuata ni 8 hadi 15. Ndugu za babu wape herufi: 4a, 4b, 4c. Hata wakiwa watu watano wenye jina moja la Kasongo, hawatachanganyika.

Kila mtu mpe ukurasa wake. Mfano wa ukurasa ulioandikwa vizuri ni huu:

- Namba: 4, baba wa baba.
- Kuzaliwa: kabla ya vita vya Tabora (1916); wakati huo alikuwa mtoto wa kutumwa maji.
- Kijiji: karibu na mto Elila, jina la kijiji bado.
- Kazi: mpiga makaa, baadaye fundi wa reli.
- Aliyesema: shangazi, binti yake wa tatu, yeye alisikia kwa mama yake.
- Siku na mahali: nyumbani kwake Mikelenge, mwezi wa kwanza.
- Mashaka: baba mdogo anasema alifika kwa meli kutoka Ponthierville. Kuuliza tena.

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo wengi huiacha. Bila jina la msemaji, baada ya miaka kumi hutajua kama habari ilitoka kwa aliyeona au kwa jirani aliyesikia. Wazee wawili wakipingana, andika maneno ya wote wawili. Usichague mshindi siku hiyohiyo.

## Hatua ya 4: Tafuta miaka kwa matukio

Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anajua alikuwa mkubwa kiasi gani jambo fulani lilipotokea. Tengeneza kalenda kama hii, ukae nayo mkononi:

- 1892–1894: vita vya Wabelgiji na Waarabu; Nyangwe na Kasongo zatekwa mwaka 1893.
- 1914–1918: vita vya kwanza vya dunia, wapagazi wengi wachukuliwa, Tabora yatekwa Septemba 1916.
- 1917: sheria ya kulima kwa lazima, ndipo pamba ilipoenea.
- 1941: askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, wapigana Uhabeshi.
- 1960: uhuru, tarehe 30 Juni.
- Novemba 1961: marubani na askari wa anga 13 wa Italia, waliokuwa wakitumikia Umoja wa Mataifa, wauawa Kindu.
- Julai hadi Novemba 1964: waasi walioitwa Simba waishika Kindu, ndio wakati ambao wengi wanauita wa Mulele.
- 1971: nchi yaitwa Zaire.
- 1984: sensa ya watu wote.
- 1997 na 1998: waasi wa AFDL waingia Kindu, kisha wa RCD.

Uliza: "Simba walipoingia, ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni? Yupi?" Jibu moja tu laweza kukupa mwaka wa ndoa na mwaka wa mtoto.

## Hatua ya 5: Kutoka kazi hadi karatasi

Sasa ndipo uende ofisini. Chagua mlango kulingana na kazi ya mtu unayemtafuta.

Reli na meli. CFL ndiyo iliyowaandika wafanyakazi wa kwanza. Tangu 1974 reli iko chini ya kampuni ya taifa ambayo leo inaitwa SNCC. Anzia nyumbani: kitabu cha kazi, kadi yenye namba ya mfanyakazi, barua ya kupandishwa cheo, picha ya kambini. Namba hiyo iandike hata kama huoni faida yake leo, kwa kuwa ofisi humtafuta mtu kwa namba kabla ya jina. Wajane waliopokea pensheni wana karatasi za INSS, ambayo leo ni CNSS. Humo huwa na majina ya watoto na tarehe.

Machimbo. Symétain iliundwa mwaka 1932, na wengi waliozaliwa Kalima na Punia wazazi wao walifuata kazi yake. Mwaka 1976 kampuni kadhaa ziliunganishwa zikawa Sominki. Uliza babu alikaa kambi gani, na mtoto gani alizaliwa katika hospitali ya kampuni.

Misioni. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki ni hazina. Mstari mmoja hutaja mtoto, baba, mama, mara nyingi kijiji, msimamizi na padri. Usikifunge kitabu kabla ya kusoma pembeni: humo huandikwa kipaimara na ndoa, pamoja na parokia ilikofungwa ndoa. Mtu aliyebatizwa kijijini akaoa Kindu, utamkamata hapo pembeni. Msimamizi naye mwandike. Mara nyingi ni jamaa au rafiki wa kazi. Kwa upande wa Kasongo, kumbuka kwamba Mapadri Weupe walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misioni, na hifadhi yao kuu iko Roma. Wamethodisti na makanisa mengine nao wana vitabu vyao, waone wachungaji.

Msikiti. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Kindu na Kasongo, mwendee imamu na wazee wa msikiti. Uliza nani alikuwa walii wa bibi arusi na nani walikuwa mashahidi wa ndoa. Hao watatu ni njia tatu za kuendelea.

Jeshi. Askari wa Force Publique alikuwa na namba yake na kitabu cha kuachishwa. Nishani iliyofungwa kwenye kitambaa chini ya sanduku la bibi nayo ni ushahidi. Ipige picha mbele na nyuma.

Chifu. Kijijini, kapita (mkuu wa kijiji) na chifu wa grupma wanajua mipaka ya koo na nani aliondoka. Nenda na mtu wa ukoo anayejulikana kule. Mgeni mwenye daftari hushukiwa kuwa mtu wa kodi au wa kesi ya ardhi.

Ubelgiji. Mafaili ya iliyokuwa Wizara ya Makoloni, yanayojulikana kama Archives africaines, yamepelekwa kwenye Hifadhi ya Taifa mjini Brussels. Ukiandika barua huko, usiulize "mnamjua babu yangu?" Mafaili yalipangwa kwa huduma na kwa eneo, hivyo taja teritwari, sheferi, kazi na miaka. Ukiwa mtoto au mjukuu wa chotara aliyenyang'anywa mama yake na serikali ya kikoloni, ujue kwamba Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio mwaka 2018, na tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi. Hifadhi hiyohiyo hushughulikia maombi ya watu wanaotafuta mafaili hayo. Una haki ya kuuliza.

## Majina: mahali wengi wanapopotea

Usitupe karatasi kwa sababu jina halifanani. Jaribu kwanza haya:

- Matamshi ya kwetu. Hamisi huwa Amisi, Hassan huwa Assani, Ramadhani huwa Ramazani, Athumani huwa Asumani.
- Mwandiko wa Wabelgiji. Sauti moja huandikwa *u*, *ou* au *oe*. *Ch* huwa *tsh*. *J* huwa *dj*. Mwinyi anaweza kuonekana Muinyi au Moenyi.
- Amri ya Mobutu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Mtu aliyebatizwa Joseph mwaka 1950 anaweza kutoweka kwenye karatasi za 1975, kumbe yumo kwa jina la babu yake. Miaka ya 1990 wengi waliyarudisha.
- Kurithi jina. Babu na mjukuu wana jina moja. Usiunganishe watu wawili mpaka kijiji, mama na miaka vikubaliane.

## "Lakini kwangu haiwezekani"

"Wazee wote wamekufa." Wa nyumbani kwenu, labda. Tafuta wajane wa rafiki za babu, majirani wa kambi, watoto wa msimamizi wake wa ubatizo. Tafuta pia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: Wamanyema wako Ujiji, Kigoma na Dar es Salaam, na wako Buyenzi pale Bujumbura. Huko ukoo unaweza kuwa umehifadhi jina ambalo huku limesahauliwa.

"Karatasi ziliungua." Nyingi ziliungua kweli. Lakini nakala hazikukaa mahali pamoja. Kilichopotea ofisini huenda kimo kwenye kitabu cha parokia, kwenye faili la pensheni, au ndani ya sanduku la bati la shangazi. Chunguza milango yote mitatu kabla ya kukata tamaa.

"Sina fedha." Daftari, kalamu na subira ndivyo vinavyohitajika miaka ya mwanzo. Ukipata intaneti, FamilySearch ni mfumo wa bure wa kuandika mti wa ukoo. Kipimo cha vinasaba kiache kwanza: hakitakutajia kijiji wala ukoo wa babu.

"Kutaja wafu na kuhesabu watu huleta balaa." Iheshimu imani hiyo. Mwombe mzee akuambie namna inayofaa: pengine atataka kwanza sala, maji au mtu mwingine wa ukoo awepo. Asiyetaka kabisa usimlazimishe. Muulize juu ya kazi, safari na kijiji, na majina yatajitokeza yenyewe katika maongezi.

## Maonyo

- Utumwa. Misafara ya wafanyabiashara wa watumwa kama Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, iliwachukua watu wengi na kuwachanganya. Katika koo nyingi za Maniema wamo wajukuu wa waliotekwa na wajukuu wa waliowateka, na mara nyingine wamo katika nyumba moja. Ukiligundua jambo hilo, usilitangaze kwenye sherehe wala matangani. Mwambie kwanza mzee wa ukoo, faraghani. Aibu ni ya biashara ile. Aliyetekwa hana aibu.
- Ardhi na kiti cha chifu. Palipo na kesi, mti wa ukoo huweza kupindishwa. Uliza kila msemaji anasimama upande gani, na uandike hilo.
- Bwami na siri nyingine. Kwa Walega, mambo ya bwami, chama chao cha jadi, yana wenyewe. Pokea unachopewa, na usichapishe picha za vitu vya wafu bila idhini.
- Watu walio hai. Usiweke hadharani majina, kabila, makao na tarehe za walio hai. Mashariki ya nchi yetu watu wamewahi kuuawa kwa sababu ya asili yao.
- Watoto wa nje. Waandike kwenye daftari lako, kwa kuwa ni damu ya ukoo. Lakini mama aliyeficha jambo miaka hamsini asilisikie kwa mara ya kwanza kwa majirani.
- Wauza asili. Anayekuahidi mti wa ukoo hadi Arabuni au hadi kwa mfalme fulani kwa malipo, mwache. Ukilipia huduma ofisini, dai risiti.

## Kutunza ulichopata

Unyevu, mchwa na vita ndio maadui wa karatasi hapa kwetu. Fanya hivi:

1. Andika kwenye daftari gumu, usitegemee simu peke yake.
2. Picha za zamani andika nyuma kwa penseli laini: nani, wapi, lini, nani kasema. Kalamu ya wino hupenya, na gundi ya selotepu huharibu.
3. Tia karatasi ndani ya plastiki, kisha sanduku la bati, juu ya mawe au mbao, mbali na ukuta.
4. Kila mwaka tengeneza nakala, uipeleke mji mwingine: Kisangani, Bukavu, Kinshasa au ng'ambo.
5. Sauti za wazee zihifadhi mahali pawili, na faili lipewe jina la mzee na tarehe.
6. Chagua kijana mmoja wa ukoo, umfundishe namba zako na mpangilio wako. Kazi hii huanza na mtu mmoja na huhitaji maisha zaidi ya moja.

Na watoto wako wewe mwenyewe? Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto kwa afisa wa hali ya kiraia. Muda ukishapita, ni lazima upitie mahakamani. Mtafutaji wa ukoo ambaye watoto wake hawajaandikwa anawaachia wajukuu shida ileile aliyoikuta.

Usingoje nauli ya Kasongo wala jibu la barua kutoka Brussels. Juma hili mtembelee mzee mmoja, umuulize nani alifika Kindu kwanza na kazi gani ilimleta. Andika jibu, andika jina lake, andika tarehe. Ukifanya hivyo kazi ya ukoo wako imeshaanza, na hakuna atakayekuja kuifanya kwa niaba yako.